Jiko Lisiloingia Yai

Zuhura, na wewe Debora, mniwie radhi mwandiko ukiwasumbua. Hetal alinipa daftari hili siku ya kuniaga, akaniambia niandike vipimo vya jodi kabla sijavisahau. Vipimo vyenyewe ni ukurasa mmoja. Kurasa zilizobaki ni nyingi, na mimi nimestaafu, asubuhi sina kazi zaidi ya kukaa barazani Buguruni nikisikiliza mafundi wa gereji wakigonga mabati. Nikamuuliza, "Niandike na lile?" Akafikiri kidogo, akasema, "Andika na lile." Lile nitalifikia.

Kilichonikalisha chini hasa ni neno lako, Zuhura. Wiki yangu ya mwisho, trei ilipotoka imebonyea katikati, ulisema, "Mama Upendo, si tungetia tu yai moja? Bosi hayupo, nani atajua?" Mkacheka wote wawili. Mimi nikaenda kuosha mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote, na siku nzima mkaniona nimenuna. Mlidhani ni uchungu wa kuondoka.

Nilifika Upanga nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kwetu Kilimanjaro na cheti cha upishi nilichopewa na masista, nacho nilikithamini kuliko viatu vyangu vyote. Kwa masista nilifundishwa keki ya mayai manane. Shangazi yangu wa Buguruni, ambaye ndiye alinipokea, alisikia kuna mama wa Kihindi anayeoka keki nyumbani kwake na kuzisambaza madukani Kariakoo, na anatafuta msichana msafi. Nilipanda na cheti mkononi hadi ghorofa ya pili, nikavua viatu mlangoni, nikanusa iliki na ubani, nikajiambia kazi yenyewe ni ndogo mno kwangu.

Mwenye nyumba alikuwa mjane mfupi aliyevaa sari nyeupe. Kila mtu alimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, hata muuza maziwa aliyekuwa mkubwa kwake kwa umri. Alikipokea cheti changu kwa mikono miwili, akakisoma chote, akakiweka juu ya friji. Kwa ninavyojua hakuna aliyekigusa tena. Kisha akanionyesha sinki, oveni, chekeche, na kikombe cha stili kilichobonyea ukingoni, ambacho ndicho kilikuwa mizani ya nyumba nzima.

"Hapa yai haliingii," alisema. "Dini yetu hairuhusu. Nyama, samaki, hayo unajua mwenyewe. Yai watu wanasahau."

"Sasa Ba, keki inaumukaje?"

"Kwa adabu," akanijibu, akaniachia sufuria za kuosha.

Mishahara na vyeo nitaviruka. Jikoni kwetu kulikuwa na cheo kimoja tu, nacho kilikuwa na mwenyewe.

Jodi mnazijua, lakini andikeni pia kichwani kwa nini zinaitwa hivyo. Ni keki mbili ndogo za duara zilizobanana, krimu ya malai katikati, na kazi kubwa si kuoka bali ni kuzioanisha. Ba alizimwaga zote mezani zikishapoa, akazipanga kwa ukubwa na rangi, akatafutia kila moja mwenzake. Mimi siku za mwanzo nilibandika yoyote na yoyote. Alizibandua. "Usilazimishe," alisema, "utaona mwenyewe nani anamfaa nani." Iliyokosa mwenzake tulikula sisi kwa chai, na ndiyo maana kwa miaka mingi niliomba hesabu itoke witiri.

Malai aliyakusanya asubuhi kila siku, ukoko wa juu wa maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akaweka kwenye bakuli ndani ya friji mpaka yafike ya kutosha. Yanapigwa yakiwa ya baridi, bakuli limekaa juu ya barafu, na sukari ya unga inaingia mwishoni pamoja na iliki. Ukifanya haraka katika joto la Dar es Salaam unapata supu tamu. Upande wa keki, kazi ya yai inafanywa na mtindi uliochacha barabara na magadi kidogo, na unga unaukunja kwa mwiko taratibu. Debora, mkono wako bado unadhani unasonga ugali. Umeme na gesi vikigoma kwa pamoja, kuna sufuria kubwa yenye mchanga chini ya sinki, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Msiitupe hata mkichekwa.

Na mtachekwa. Wafanyabiashara wa kwetu wenye maduka ya jumla Kariakoo walinicheka miaka nenda rudi. Mmoja wao kila nilipompelekea mzigo alisema, "Dada, keki bila yai si ni mkate tu huo?" Desemba ikifika yuleyule anaagiza maboksi matano ya kupanda nayo Moshi.

Sasa lile.

Nilikuwa na miezi minane kazini. Nilesh, mtoto wa mwisho wa Ba, alikuwa anaposa. Nyumba ile ina desturi yake: mama wa kijana anawatuma wazee wa ukoo wapeleke kwa wazazi wa binti boksi la jodi kumi na mbili, zilizookwa siku hiyohiyo. Wakila pamoja na kulirudisha boksi likiwa na sukari ndani, mambo yamekubaliwa. Asubuhi Ba akaenda hekaluni, na kwa mara ya kwanza akaniachia trei peke yangu. "Krimu nitajaza mimi," alisema. "Keki ni zako leo."

Mtindi ulikuwa haujachacha. Niliuonja nikajua, lakini niliona aibu kwenda kwa jirani kuomba mwingine, mimi mwenye cheti. Trei ya kwanza ikatoka bapa kama chapati. Nikaongeza magadi. Trei ya pili ikatoka bapa na ikanuka sabuni. Saa nane ilikuwa imeshapita na wazee walikuwa wanafika saa kumi. Kwenye kikapu changu, ndani ya gazeti, mlikuwa na mayai mawili niliyonunua sokoni Buguruni kwa ajili ya chakula changu cha usiku.

Nilijiambia maneno yaleyale yako, Zuhura, neno kwa neno. Nikaongeza na la kwangu, kwamba Mungu hana muda wa kukagua keki. Nikayapasua, nikayapiga, nikayachanganya, maganda nikayarudisha kwenye gazeti.

Zilitoka zimejaa kama mashavu ya mtoto mchanga. Ba aliporudi alisimama mezani akiziangalia, akanishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Leo mkono wako umekubali," alisema. Nilitaka ardhi inimeze, lakini sikusema, kwa sababu pia nilitaka aendelee kunishika bega. Alijaza krimu, akaoanisha, wazee wakaondoka na boksi.

Trei ilikuwa imetoa ishirini na tano. Ile moja isiyo na mwenzake Ba aliichukua na chai yake ya jioni. Akaimega, akaipeleka mdomoni, halafu mkono ukasimama njiani. Akainusa.

"Felista."

"Abee, Ba."

"Mangapi?"

Hakuuliza kama nimeweka. Nilishindwa kudanganya, nikasema mawili, nikaanza kulia. Ba akaiweka ile keki mezani, akaenda sebuleni kwenye simu. Nilimsikia akizungusha namba. Nilijua anawapigia wazazi wa binti awaambie wasile, au kama wamekula awaombe radhi, na kwamba ndoa ya Nilesh itaishia hapo kwenye waya, kwa sababu yangu. Waliongea Kigujarati, ambacho wakati ule sikujua hata salamu. Nilichosikia ni sauti ya mwanamke upande wa pili, ya juu, ya furaha, haipumui. Ba akasema maneno mawili matatu, akakata.

Alirudi akakaa kwenye stuli. "Wamekula zote," alisema. "Mama wa binti anasema hajala kitu kizuri hivyo tangu azaliwe. Anasema boksi linarudi na sukari." Akaisogeza pembeni ile keki iliyomegwa. "Nilifungua mdomo kusema. Alikuwa anacheka. Nimeshindwa."

Kesho yake nilikwenda kazini kuchukua cheti changu. Nilikuta bakuli, mwiko na trei zote zilizogusa yai zimepangwa mlangoni. "Vyako," Ba alisema. "Hapa havikai tena." Alishanunua vingine Kariakoo alfajiri. Ndivyo vyombo ninavyopikia nyumbani kwangu hadi leo, kwa hiyo mkisikia mtu anasema kosa halilipi, mwelekezeni Buguruni.

"Na mimi, Ba?"

"Wewe unabaki. Ukiondoka wataniuliza kwa nini, na mimi kudanganya nimeanza jana tu, bado sijazoea."

Wengine hupata ajira ya kudumu kwa kujituma. Ya kwangu ilitokana na mayai mawili. Ba alifunga siku tisa, maji na matunda tu, na mbele ya kijimeza cha sala kilichokuwa kwenye kona ya sebule aliapa kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake. Alikonda. Mimi mkosaji nilikula wali maharage kama kawaida. Nilisimama mlango wa jikoni akiapa, nikajihesabu na mimi nimeapa. Lilikuwa wazo lenye faida, kama mtakavyoona.

Binti aliyeposwa ndiye Hetal, bosi wenu. Alikuja nyumbani akiwa mwembamba na mwoga, na tangu wiki ya kwanza alivaa aproni. Ba alimpenda kwelikweli. Alimfundisha kila kitu, kikombe, malai, kuoanisha, na kwa mwaka mmoja Hetal akawa na mkono mzuri kuliko wangu, hili nawaambia bila wivu, au kwa wivu kidogo.

Tatizo lilikuwa mama yake. Kila Diwali Mama Hetal alikuja kusalimia. Anaketi, anawekewa jodi, anamega, anafumba macho kama mwamuzi. Kisha anasema, "Nzuri. Lakini si kama zile za posa." Halafu anamgeukia mwanawe kwa upole, na upole wake ndio uliouma: "Mkono wako bado, mama. Utafika."

Mwaka wa kwanza tulicheka. Mwaka wa tano Hetal alikuwa ameshabadilisha unga. Wa nane alibadilisha muuza maziwa. Aliipita Kariakoo meza kwa meza akinusa iliki, mpaka wauzaji wakaanza kumsalimia kwa jina. Alijaribu maziwa ya mgando, siki, hata maji ya nazi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata tulikuwa wawili, Ba na mimi, tumesimama upande wa pili wa meza tukiangaliana juu ya kichwa chake.

Diwali moja, mama yake alipoondoka, Hetal alibaki amekaa jikoni, sahani mapajani. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mama wa watoto wawili. "Mama Upendo," aliniuliza, "niambie kweli, usinionee haya. Mkono wangu una kasoro gani?" Nilikuwa na neno mdomoni. Lakini nilikuwa pia na Upendo anayekwenda shule, na chumba cha kupanga, na bosi ambaye mama yake mzazi nimemlisha yai.

"Ni oveni," nikasema. "Mlango haufungi vizuri."

Wakanunua oveni mpya. Hiyo mnayoipiga picha na kuwaonyesha wenzenu ndivyo ilivyopatikana. Mama Hetal alikuja, akamega, akafumba macho, akasema bado.

Nawaandikia hili na naona aibu. Siku ile niliyotia mayai nilikuwa mjinga. Siku ya oveni sikuwa mjinga. Nilijua ninachofanya, nikamwacha mtu anayenipenda aende kulala akidhani mkono wake haufai.

Ba alipougua mara ya mwisho nilikaa naye mchana, Hetal akiwa jikoni. Alikuwa anaongea kidogo sana. Siku moja alisikia mlio wa mwiko kwenye bakuli, akauliza, "Bado anatafuta?"

"Bado, Ba. Tufanyeje, na tuliapa."

Akanigeuzia macho, na yalikuwa na ule ucheshi wa siku ya adabu. "Mimi niliapa," alisema. "Wewe sikukuapisha."

Basi hapo ndipo niliishiwa pa kujificha. Lakini msidhani nilisimama nikaenda kusema. Ba alizikwa kwa moto kama desturi yao, nikalia kama nimefiwa na mama, nikarudi kazini, na nikanyamaza miaka mingine sita. Woga ukishauzoea unakuwa kama mpangaji asiyelipa, unampita mlangoni kila siku na mnasalimiana.

Siku yangu ya mwisho mliniimbia, mkanipa khanga na kile kikapu cha matunda, mkaondoka. Nilibaki na Hetal tukioanisha trei ya mwisho. Boksi moja lilikuwa la mama yake. Nikamwona anazichagua zile zilizopanda vizuri, anazipima kwa jicho, mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini anayelisha nusu ya Upanga, na uso wake ni uso wa mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Hetal," nikasema, "zile za posa nilizioka mimi. Nilitia yai."

Mikono yake ilisimama. Alikaa kwenye stuli ileile aliyokalia Ba. Nilimweleza yote, mtindi, kikapu, simu, viapo, oveni. Nilisikia bajaji chini zikipigiana honi, na nikaanza kufikiri kwamba kikapu cha matunda nitaombwa nikiache.

"Mangapi?" akauliza.

Si damu ya Ba, lakini jiko ni lilelile.

"Mawili."

"Kwa trei moja?"

"Moja."

Akatikisa kichwa taratibu kama fundi aliyeonyeshwa waya uliokatika. Kisha akaanza kucheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akakasirika, na hasira ndiyo ilikaa. "Miaka yote hii, Mama Upendo. Na wewe umesimama hapo. Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu!"

"Uliniuliza."

"Ukaninunulisha oveni!"

Nilimwomba msamaha. Hakunijibu kwamba amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Alifunga boksi, akavaa viatu, akaniambia, "Twende wote kwa Mami."

Ni mwendo wa dakika tano, mnajua. Kwangu ulikuwa mrefu kama njia ya kwenda kituo cha polisi. Mama Hetal sasa ni mzee sana, hatoki, anakaa kwenye kiti cha roshani na shali ingawa joto linaua. Nilijua Hetal anakwenda kumwambia. Nilijiuliza mzee wa umri ule, aliyefunga na kusali maisha yake yote, atalipokea vipi neno kwamba kitu kitamu kuliko vyote alivyowahi kula kilikuwa kile alichokikataa tangu azaliwe. Nikataka kumshika Hetal mkono ngazini. Sikuthubutu.

Hetal alimgusa mama yake miguu, akamwekea jodi moja kwenye sahani, akamimina chai. Mzee akamega. Akafumba macho. Mimi nikaangalia zulia.

"Nzuri," alisema, kwa Kigujarati, ambacho siku hizi nakisikia vizuri kuliko wanavyodhani. "Lakini si kama zile za posa."

Hetal alivuta kiti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwenye mtihani ule, akaketi karibu naye. Akachukua jodi moja kwenye boksi, akaiuma, akaitafuna bila haraka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akila keki yake mbele ya mama yake.

"Si kama zile, Mami," alisema. "Na hazitakuwa."

Mzee akafumbua macho. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akamrudia mwanawe. Nadhani hajawahi kujibiwa.

"Basi niongeze moja," akasema, akasogeza sahani.